Gitaa la Kwanza la Mama Luzolo

Nimewaona watu wakichagua gitaa kwa rangi, na wengine kwa jina lililoandikwa kichwani mwake. Lakini mtu wa kujitwika gitaa kichwani akazunguka nalo duka zima, mikono kiunoni, ili alipime uzito, nimemwona mmoja tu. Mama Luzolo. Pale Matonge, mchana kweupe, wateja wameacha shughuli zao wanamtazama yeye, na mimi niliyemleta wananitazama pia.

"Jepesi hili," akasema. "Halifai."

"Shemeji, hilo siyo mkate wako wa kwanga," nikamwambia.

"Nani kasema ni kwanga? Ila kwanga ikiwa nyepesi ujue ina upepo ndani. Na hili je? Mimi siuziwi upepo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi ni mpiga rizimu, jamani, uso wangu unajulikana mtaa ule, na hapo nimesimama kama mtu aliyemsindikiza bibi yake gulioni.

Mwenye duka jina lake Iyeli, lakini Matonge nzima inamwita Dhamana, kwa sababu ukimuuliza kama kitu chake kina dhamana anakujibu, "Ipo, bwana. Inaishia mlangoni." Akamsogelea Mama Luzolo kwa adabu zake zote za biashara.

"Mama, tuanze mwanzo. Unataka gitaa la solo, la nusu solo, au la rizimu?"

Kwetu Kinshasa hilo ndilo swali la kwanza, na mtoto wa chekechea anajua kulijibu.

"Nataka la mume wangu," Mama Luzolo akasema.

"Mumeo anapiga nini?"

"Mume wangu hapigi. Mgonjwa. Nitapiga mimi."

"Haya, wewe unapiga nini?"

"Mimi sijui kupiga."

Dhamana akanigeukia mimi. Mimi nikatazama dari.

Sasa, kabla hujamcheka, mjue kwanza. Mama Luzolo anapika kwanga, ule mkate wetu wa muhogo unaofungwa majani. Anaroweka, anaponda, anakanda, anafunga, anachemsha, anauza, na kesho yake anaanza upya. Ndiyo kazi yake tangu alipotoka Luozi, ng'ambo ya mto, akaja Ngiri-Ngiri kuolewa na Papa Nkanza. Watoto hawakujaliwa. Alichojaliwa ni mume mpiga solo, na mke wa mpiga solo kazi yake ya pili ni kusubiri. Hakupenda kuingia baa, basi alikuwa akija na ndoo yake, anaipindua nje ya mlango, anaikalia, na kusubiri mpaka tumalize. Watu walimtania. "Mama Luzolo, unalinda mume au unalinda gitaa?" Akajibu, "Nalinda vyote, maana nyie mmezoea kuiba."

Papa Nkanza akamtungia wimbo. Hauna maneno, ni gitaa tupu. Aliuita Ndoo, na ndio tuliofungia kazi kila siku, ili mkewe akiusikia kule nje ajue ni wakati wa kuinuka. Bendi yetu huijui, usijisumbue kukumbuka. Hatukurekodi hata wimbo mmoja. Ndoo ilikuwa kwenye vidole vya Papa Nkanza na si mahali pengine, na vidole hivyo ndivyo vilivyonifundisha mimi kazi. Si kaka yangu wa tumbo moja, lakini mtu aliyekushikisha gitaa ni kaka yako, na mkewe ni shemeji yako. Hilo kwetu halina mjadala.

Mvua za mwaka jana zilipoanza, Papa Nkanza akaanguka jukwaani. Upande wa kulia wote ukafa. Mkono wa kulia ukawa unaning'inia, mdomo ukaenda upande, na maneno yakamtoka yote kichwani isipokuwa moja, na hilo moja nitalifikia, maana ndilo lililotaka kuniua. Gitaa na amplifaya vikauzwa hospitali ipate chake. Aliporudi nyumbani akageuza kiti chake, akautazama ukuta. Ukimwekea redio, analia. Ukimletea chakula, anakula vijiko viwili vitatu, basi. Mama Luzolo akavumilia, kisha siku moja akaja kwangu akiwa bado na unga wa muhogo mikononi.

"Lutete, nipeleke nikanunue gitaa. Utanifundisha. Nitampigia Ndoo mpaka ageuze kiti."

Nikacheka. Ni kosa nililolilipia.

Turudi dukani. Baada ya kujitwika magitaa yote yaliyokuwa ukutani, alichagua jekundu, zito kama dhambi, na nikashukuru Mungu. Ikaja zamu ya amplifaya. Dhamana akamwonyesha moja ndefu kama kabati. Mimi nikamwonyesha ndogo, safi, ya mwanafunzi, vitufe vitatu tu, sauti tamu. Mama Luzolo akawa anauliza swali moja kwa kila amplifaya.

"Umeme ukikatika, hii inafanyaje?"

"Inanyamaza, Mama," Dhamana akasema. "Kama kila kitu katika nchi hii."

"Basi haifai."

"Shemeji, amplifaya zote..."

"Ile pale je?"

Nikatazama anakoonyesha. Lilikuwa lile sanduku lenye mkono wa kubebea wanalotumia wahubiri wa njia panda, linalokula betri ya gari.

"Ile ni ya kuhubiria! Ukichomeka gitaa mle, litaokoka!"

"Acha liokoke. Wewe mwenyewe umeshindwa kuokoka."

Watu wakacheka. Dhamana akatikisa kichwa. "Mama, mchagua jembe si mkulima."

"Na asiyechagua analimia mpini," akajibu, kisha akatoa lililotuacha hoi. Halipi kitu mpaka mumewe alisikie gitaa hilo nyumbani. Akilikubali, pesa ipo, imefungwa kwenye kanga. Akilikataa, linarudi. Dhamana alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akasema sawa, ila mtu aache rehani, na macho yake yakaja moja kwa moja kwenye mfuko niliouning'iniza begani. Gitaa langu. Chombo changu cha kazi!

"Shemeji, hapana."

"Kwani nimesema kitu?" Akanitazama tu, macho yale yaliyokalia ndoo miaka yote ile.

Nikaacha gitaa langu. Mtu mzima na akili zangu.

Nyumbani akaliweka lile jekundu mapajani mwa mumewe, nikachomeka nyaya, nikakaza nyuzi. Papa Nkanza hakugeuka. Lakini mkono wa kushoto ukanyanyuka, ukapapasa nyuzi, mmoja mmoja, kuanzia ule mwembamba kabisa wa chini. Ukafika katikati, ukasimama. Uso ukamkunjamana.

"Mibal'!" akasema. Akalisukuma gitaa.

Hilo ndilo neno lenyewe. Kwa lugha yetu mibale ni mbili, au wawili. Mibali ni wanaume, au waume za watu. Tofauti yake ni herufi ya mwisho tu, na hiyo ndiyo Papa Nkanza aliyoshindwa kuifikisha, mdomo umepinda, neno linaishia hewani. Ana neno moja duniani na hata hilo halijakamilika!

"Anasema mbili," Mama Luzolo akasema.

"Mbili nini?"

"Nitajuaje? Magitaa mawili labda. Mlikuwa mkipiga wawili."

Basi, mwenye akili zangu nikaenda kuazima gitaa la pili kanisani, nikamwahidi mchungaji mambo ambayo sitaki kuyasema hapa. Nikaketi mbele ya Papa Nkanza na magitaa mawili kama mchuuzi. Akapapasa la kwanza, akapapasa la pili, mkono ukasimama palepale katikati.

"Mibal'! Mibal'!"

"Amplifaya mbili," Mama Luzolo akasema.

"Shemeji, nani anatumia amplifaya mbili?"

"Wewe unajua kila kitu, mbona hujui anataka nini?"

Nikaazima amplifaya ya pili, kubwa, ya umeme. Siku hiyo kwa bahati umeme ulikuwepo. Nikaichomeka, pakalia paa, fyuzi ikaungua, na ua mzima ukakosa umeme. Friji la Mama Kapinga wa chumba cha jirani likazimika na samaki wake ndani. Mama Kapinga akatoka anafoka, akafika mlangoni, akamkuta Papa Nkanza anapiga mkono wa kiti kwa ngumi yake nzima, machozi yanamtoka, anaita neno lake.

"Mibali?" Mama Kapinga akasema. Akanitazama mimi nimepiga magoti pale na nyaya, akamtazama Mama Luzolo, jasho linamtoka. "Wanaume? Loo! Maskini baba wa watu."

"Amesema mbili!" nikamwambia.

"Mimi nina masikio, baba. Samaki wangu ndio hawana."

Haikuchukua muda. Lisemwalo lipo, na kama halipo Mama Kapinga atalileta. Kesho yake hata muuza mkaa alinisalimu kwa kukonyeza jicho. Eti Mama Luzolo anazurura Matonge na mpiga rizimu wa mumewe, na mume amekaa kitini anaita wanaume, wanaume. Nilitukana mpaka nikachoka. Mama Luzolo hakutukana. Alifunga kwanga zake, akaniambia, "Njoo unifundishe. Hayo mengine hayapigi gitaa."

Hebu nikwambie na kuhusu hayo masomo. Mkono wake wa kulia, nakiri, ulinishangaza. Ule ni mkono uliozoea mchi. Ukimwambia piga hivi, anapiga hivyohivyo, hachelewi, hawahi, saa nzima, na Ndoo nzima mdundo wake anaujua, maana aliusikia akiwa amekalia ndoo. Wa kushoto sasa! Mama yangu wee! Kidole kimoja kinaangukia nyuzi mbili. Nikimwambia bonyeza hapa, anabonyeza kana kwamba anaua mende. Alikandamiza mpaka ncha za vidole zikatoka malengelenge, na gitaa likawa linatoa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa.

"Shemeji, polepole!"

"Polepole haitoki sauti."

"Na kwa nguvu inatoka sauti gani? Hiyo ni sauti?"

"Mwalimu mbovu, mwanafunzi mbovu."

Na kila tukipiga, Papa Nkanza nyuma yetu anasema lile neno. Hageuki. Anauambia ukuta. Ilifika mahali nikimsikia natamani kuziba masikio, na yeye ndiye mtu ninayempenda kuliko baba yangu mzazi.

Ndipo akaja Mama Ndona.

Mama Ndona ni dada mkubwa wa Papa Nkanza. Anakaa Luozi, ni mzee wa kanisa, na maneno yalikuwa yamevuka mto yakamfikia. Aliingia bila kubisha hodi, kilemba kimefungwa kama cha vita, akamtazama kaka yake, akamshika kichwa.

"Nkanza. Ni mimi. Sema."

"Mibal'," akasema Papa Nkanza.

Mama Ndona akafumba macho. Alipoyafumbua, alimtazama Mama Luzolo.

"Kaka yangu amebakiwa na neno moja duniani. Hakusema maji. Hakusema Mungu. Kasema wanaume!"

"Wifi, anasema mbili."

"Mbili nini?"

Tungesema nini? Hilo ndilo swali lililotutesa na sisi.

"Mbili nini, Luzolo?"

"Sijui, wifi. Ni mambo ya gitaa."

"Gitaa! Mume anaoza kitini, mke ananunua gitaa! Na huyu ni nani?"

"Huyu ni Lutete. Mdogo wake."

"Mdogo wake tumbo gani? Mama yetu simjui mimi?"

"Mama," nikasema, "mimi nilikuwa nampigia rizimu..."

"Nyamaza. Ndiyo hao wanaume wenyewe."

Mama Luzolo akanigeukia, akanitazama kuanzia unyayoni hadi utosini, kama vile ndiyo kwanza ananiona. "Huyu, wifi? Hata viatu vyake vimechanika! Kama ningekuwa natafuta, ningetafuta hiki?"

Alikuwa ananitetea, najua. Lakini iliniuma.

Mama Ndona hakucheka. Alisema Jumamosi atakuja na gari, atamchukua kaka yake akamtunze kwao, kati ya watu wa damu yake. Mama Luzolo abaki na gitaa lake. Kwa desturi zetu dada mkubwa akisema hivyo, na mke hana mtoto wa kumshika mkono, nani atabisha? Mama Luzolo aliinamisha kichwa. Dada mtu alipoondoka, alikaa kwenye ndoo yake ileile ya zamani, mbele ya kiti cha mumewe.

"Wakimpeleka Luozi," akasema, "atakufa ameutazama ukuta mwingine. Na mimi nitakuwa nje tena, safari hii hakuna wimbo wa kuniita."

Nikaanza kukaza nyuzi za lile gitaa kwa hasira, nikakaza, nikakaza, mpaka ule uzi mwembamba kabisa wa kwanza ukakatika, ukanichapa shavuni. Nikasema neno ambalo mbele ya shemeji halisemwi.

"Kesho nitakwenda Matonge kununua mwingine," Mama Luzolo akasema. "Tulia, mdogo wangu. Uzi wenyewe haujakukosea."

Alikwenda, akauleta Ijumaa jioni, sikuwepo. Jumamosi nilipofika, gari lilikuwa limeshasimama uani, limerudi kinyumenyume hadi mlangoni, na dereva anapakia godoro. Mama Kapinga na wenzake wamejipanga kwenye kivuli na viti vyao, kama wako sinema. Umeme hakuna. Mama Ndona anakunja mashati ya kaka yake. Papa Nkanza yuko kitini, uso ukutani, na Mama Luzolo amesimama mbele ya mlango, gitaa mkononi.

"Hatoki," akasema. "Hatoki mpaka asikie Ndoo. Akiisikia na asigeuke, mchukueni, nami nitawabebea mzigo hadi kivukoni."

"Luzolo, toka mlangoni."

"Wifi, nimemsubiri nje miaka yote ile. Nanyi nisubirini ndani kidogo tu."

Mama Ndona akasonya, akakaa juu ya sanduku la nguo. "Piga basi. Ukimaliza tunaondoka."

Nikaichukua ile amplifaya ya wahubiri. Imekufa! Betri imekwisha, tumeimaliza kwa masomo. Nilitaka kulia. Mama Luzolo hata hakusimama kufikiri. Alitoka nje, akamwambia dereva, "Fungua boneti." Dereva akabisha, akasema gari si lake, ni la parokia. "Basi la parokia, amplifaya ni ya wahubiri, wako nyumba moja. Fungua." Nikavuta waya kutoka kwenye betri ya gari, nikaupitisha dirishani, taa nyekundu ya amplifaya ikawaka. Siku ile nilimheshimu. Ningenunua ile ndogo tamu ya vitufe vitatu, tungekuwa tumeikalia kama ndoo.

"Nipe uzi," nikamwambia.

Akanipa mbili. Nyuzi mbili nyembamba, zote za kwanza, kila mmoja umekunjwa kwenye karatasi yake.

"Mbili za nini? Umekatika mmoja."

"Sijui. Mazoea. Nkanza alikuwa akinituma nyuzi, siku zote ananiambia, nyembamba lete mbili. Mbili, mwanamke, usisahau, mbili. Dhamana aliponiuliza, mdomo ukasema wenyewe."

"Wa pili wa akiba," nikasema, nikauweka chini, nikaanza kufunga wa kwanza.

Papa Nkanza akaona. Sijui aliona vipi kwa jicho la pembeni, lakini alikiona kile kikaratasi sakafuni. Akapiga kiti kwa ngumi. Akakipiga tena. "Mibal'! Mibal'! Mibal'!" Akainama mpaka nikadhani anaanguka, akanyoosha mkono wa kushoto, akaushika uzi wa nne wa gitaa, ule wa katikati unaovuma, akauvuta kama mtu anayetaka kung'oa magugu.

Mama Ndona akainuka. "Mnamuua!"

Mimi nilikuwa nimekauka na uzi mkononi. Maana hapo ndipo nilipolisikia gitaa la zamani la Papa Nkanza, lile lililouzwa, kichwani mwangu. Wazee wetu wa solo walikuwa na ufundi wao. Uzi wa nne mnene wanautoa, na mahali pake wanafunga mwembamba, sawa na ule wa kwanza, unalia juu kama ndege. Gitaa moja, unasikia kama mawili yanajibizana. Vijana siku hizi hawafungi hivyo, wala gitaa la dukani halifungwi hivyo. Nyembamba mbili! Mmoja wa mahali pake na mmoja wa pale katikati. Mzee wa watu ametuambia kila siku, tumemletea magitaa, tumemletea amplifaya, tumemuunguzia fyuzi, tumeozesha samaki wa watu.

"Nyuzi!" nikapiga kelele. "Nyuzi mbili! Mibale! Ni nyuzi!"

"Amerukwa na akili," Mama Kapinga akasema huko nje.

Nikamaliza wa kwanza, nikang'oa ule mnene, nikafunga ule mwembamba wa pili. Nikakaza mpaka Papa Nkanza akaguna kwamba basi, hapo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu atoke hospitali. Akaweka unyayo mzima sakafuni, akasukuma, kiti kikakwaruza, kikageuka. Akatuonyesha uso.

Nikamwekea gitaa mapajani. Vidole vyake vya kushoto vikapanda kwenye shingo ya gitaa, kila kimoja kikaenda mahali pake. Mkono ule haukuwa umekufa hata siku moja! Upande uliokufa ni wa kulia, na sisi tulikuwa tunamtazama mkono uliolala tu, tukasahau mwingine. Nikainama nimpigie mimi nyuzi, si ndiyo kazi yangu. Akanipiga kikumbo cha kiwiko.

Alikuwa anamtazama mkewe.

Mama Luzolo akavuta ndoo, akaipindua, akakaa karibu yake, bega kwa bega, na mkono wake wa kulia, ule wa mchi, ukaja juu ya nyuzi. Mara ya kwanza wakakosana. Papa Nkanza akaguna. Mara ya pili wakakosana, Mama Luzolo akamwambia, "Na wewe usikimbie, unakimbilia wapi?" Mara ya tatu Ndoo ikatoka. Ikatoka na ule uzi mwembamba unalia katikati, ileile, na kisauti cha sanduku la wahubiri kikiikwaruza kidogo, na mimi nikaona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nalia. Mmoja anabonyeza, mmoja anapiga. Kushoto kwa mume, kulia kwa mke. Walipofika kule mwisho ambako zamani Papa Nkanza alikuwa akirefusha ili mkewe apate muda wa kuinuka, Mama Luzolo hakuinuka. Wakaanza tena mwanzo.

Nje wote wakainuka vitini. Hata Mama Kapinga.

"Mibale," akasema Papa Nkanza. Safari hii herufi ya mwisho ilifika, au mimi ndiye niliyeisikia. Anatazama mkono wake, na wa mkewe.

"Mama!" dereva akaita. "Betri ya gari inakwisha! Tutaondokaje?"

"Nani kakwambia tunaondoka?" Mama Ndona akasema bila kugeuka. Kilemba kilikuwa kimemfunguka upande mmoja na hakukishughulikia. Alisimama akiwatazama wale wawili, midomo inamcheza, mpaka jicho lake likaniangukia mimi, nimepiga magoti kati ya kiti na ndoo, nimeushika waya usichomoke.

"Na wewe," akaniambia. "Si imesemwa wawili? Wa tatu unatafuta nini hapo?"

Nikauachia waya polepole, nikatoka nje, nikamsaidia dereva kushusha godoro.